Fela, Kituo cha Kusubiriana

Tulikwisha kumkatia Mama tiketi ya kwenda Tabora, pamoja na zetu sisi wanawe wawili na ya mjukuu wake mmoja, pale alipotuambia kwamba hapandi treni mpaka kwanza akaione Fela. Treni ilikuwa ya jioni, na mchana wote ulikuwa mbele yetu. Hatukubishana naye. Mama amevuka miaka sabini na mitano, na safari yenyewe ya Tabora ilikuwa imechukua miaka tisa kukubaliwa.

Msomaji asiyeijua Fela hana lawama. Ni kituo kidogo cha reli katika Wilaya ya Misungwi, kusini mwa jiji la Mwanza, na abiria wengi wa njia hii hupita hapo wakiwa wanapanga mizigo yao au wanatafuta pa kuning'iniza kikapu. Sisi tulizaliwa hapo. Marehemu baba yetu, Allah amrehemu, alikuwa mtu wa gengi, yaani mmoja wa wale mafundi wa njia wanaokaa kando ya reli na kuitunza, na miaka yetu ya mwanzo ilipita katika nyumba za gengi, tukilala na kuamka kwa mngurumo wa magurudumu.

Kutoka mjini tulipanda daladala. Barabara ya Shinyanga hupita Mkuyuni, Butimba na Nyegezi, ziwa likijificha na kujitokeza upande wa kulia, majabali ya Mwanza yakiwa yamebebana juu ya vilima kana kwamba kuna aliyeyapanga akasahau kuja kuyamalizia. Baada ya Buhongwa ziwa hupotea, na nchi hutanda. Pale Usagara njia hugawanyika. Wanaokwenda Sengerema, Geita na Bukoba hukunja kulia kuelekea Kigongo, ambako tangu Juni 2025 lipo daraja refu la kilomita tatu na ushei linaloivuka Ghuba ya Mwanza mpaka Busisi. Kabla yake ilikuwa kivuko, na foleni ya kivuko kila mkazi wa kanda hii anayo hadithi yake. Sisi tulishuka, tukachukua bajaji, tukakunja kushoto.

Mama alikuwa kimya njia nzima. Tulipoliona tuta la reli kwa mbali akasema, "Punguza mwendo, baba," akimwambia kijana wa bajaji, ambaye hakuwa na mwendo wowote wa kupunguza.

Kituo ni jengo dogo, paa la bati, kibaraza, kibao chenye jina. Mbele yake reli mbili zimelala sambamba, na ukizifuata kwa macho utaziona zinaungana huku na huku na kuwa njia moja. Kulikuwa na mbuzi watatu kivulini na akina mama wawili waliokaa na beseni la nyanya. "Mwangaluka, mayu," wakamwamkia. Mama akawaitikia kwa Kisukuma chake cha Kitabora, kile kile tulichokuwa tukimcheka utotoni, na wale akina mama wakatabasamu kwa adabu.

Alipofika hapa mara ya kwanza hakukijua hata hicho. Ilikuwa mwaka 1969, naye bibi harusi wa miaka kumi na minane, aliyekulia mjini Tabora kwenye miembe na misikiti na majirani waliojuana vizazi vitatu. Aliteremka na sanduku moja la bati, mkeka na birika, kutoka behewa la daraja la tatu lililovutwa na kichwa cha moshi. Treni ikaondoka. Anasema alitazama kulia akaona mbuga, akatazama kushoto akaona mbuga, akamuuliza baba yetu, "Mji uko wapi?" Baba akamwonyesha kituo.

Mjukuu wake, ambaye yuko kidato cha pili, aliuliza kwa nini basi tunaendelea kuliita garimoshi gari lisilotoa moshi. Hatukuwa na jibu. Nasi tunaendelea.

Reli hii ina historia inayoeleza kwa nini kituo kama Fela kiliwekwa mahali ambapo hapakuwa na mji. Wajerumani waliianza reli ya kati Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, mwaka ule ule vita kuu ya kwanza ilipozuka. Mwanza wakaiacha. Pamba na ngozi za Usukuma zilikuwa zikivushwa ziwani kwa meli mpaka Kisumu, ambako reli ya Uganda ilikwisha kufika tangu 1901, na kutoka huko zikateremka Mombasa. Kwa hiyo mali ya nchi hii ilikuwa ikitajirisha bandari ya nchi nyingine. Waingereza walipoichukua Tanganyika ndio wakalijenga tawi la kutoka Tabora kuja ziwani, karibu kilomita 380, likafika Mwanza mwaka 1928. Njia ikawa moja tu, nyembamba, mita moja kutoka chuma hadi chuma.

Hilo la njia moja ndilo linalokizaa kituo kidogo, na ndilo tulilokwenda kulikumbushwa. Mtu hudhani kituo ni mahali pa kupandia na kushukia. Kwa Fela hiyo ni kazi ya pili. Njia ikiwa moja, na treni zikawa zinatoka pande zote mbili, lazima pawe na mahali ambapo moja itatoka njiani na kuipisha nyingine. Hapo ndipo reli hugawanywa ikawa mbili kwa urefu wa treni moja, kisha ikaunganishwa tena. Jengo, kibao na benchi hufuata baadaye.

Mkuu wa kituo alitukuta tumesimama jua kali, akatuletea viti kibarazani. Alipoambiwa kwamba Mama ni mjane wa mtu wa gengi alisimama akamwamkia upya. Mama akamuuliza swali ambalo hatukulitarajia. "Baba, zikikutana mbili hapa, ni ipi inayongoja?"

Akamweleza kwa utulivu, kama anayemweleza mzazi wake. Sehemu moja ya njia, kati ya kituo na kituo, haiwi na treni mbili kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo kanuni mama, na vitabu vyote vya reli vinaizunguka hiyo. Mkuu wa kituo hampi dereva ruhusa ya kuondoka mpaka amewasiliana na mwenzake wa kituo cha mbele na kuhakikishiwa kwamba njia ni tupu. Kwa desturi treni ya abiria hupewa heshima, ya mizigo huingia pembeni. Lakini si kila mara. Pengine ya mizigo ni ndefu kuliko njia ya pembeni, haitoshi kuingia, basi ya abiria ndiyo itakayoingia ingawa ndiyo yenye haki. "Anayeweza kuingia pembeni ndiye anayeingia, mama. Hatuangalii nani mkubwa."

Mama akaitikia, "Ahaa." Akanyamaza muda mrefu, akizitazama zile reli mbili.

Tuliokaa naye tulijua anachokifikiri, na hapa inatupasa tumweleze msomaji la nyumbani ambalo huwa halielezwi. Huko Tabora yuko dada yake, Mama Mkubwa wetu, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka minne. Bibi yetu alipofariki iliachwa nyumba. Mirathi ikacheleweshwa, watu wa kati wakaongeza maneno, na kwenye kisomo cha arubaini ikatamkwa sentensi moja ambayo haikupaswa kutamkwa. Hatutaiandika. Nyumba ilikuja kugawanywa kwa haki, mashahidi wakatia saini, fedha zikalipwa hadi shilingi ya mwisho. Ile sentensi haikugawanyika. Kila mmoja wao aliona mwenzake ndiye wa kuanza: mkubwa kwa sababu ni mkubwa, mdogo kwa sababu ndiye aliyeambiwa. Ya siku tatu tunayajua sote, tunayasikia mimbarini. Kwa ndugu hawa siku tatu zilikuwa miaka tisa. Tuliwapigia simu kwa zamu, tukawabebea salamu za kubuni, na tunaungama kwamba baadhi ya salamu hizo hazikutoka kwa yeyote kati yao. Kisha mwezi uliopita ikaja habari kwamba Mama Mkubwa amepatwa na kiharusi, upande wa kulia umelegea, na ulimi ni mzito. Mama akasema, "Nikatieni tiketi. Ya treni." Basi lingemfikisha haraka zaidi. Alitaka treni.

Tukazunguka kidogo kabla ya Adhuhuri. Za zile nyumba za gengi tulizozaliwa hatukuona kitu, ila mahali ambapo mama aliamini palikuwa na jiko lake, pameota mwarobaini. Tulimwonyesha kijana wetu mataruma ya chuma ambayo babu yake alikuwa akiyaanika mgongoni mwake kwa maneno, maana aliyataja kila siku. Nchi hii ina mchwa wengi, taruma la mti halikai. Tena udongo wa mbuga ni mweusi, wakati wa masika hufura na kiangazi hupasuka, na reli iliyonyooka Machi huweza kuwa na tumbo ifikapo Septemba. Kazi ya gengi ni kuirudisha: kuinua, kushindilia kokoto chini ya taruma, kupima, kukaza nati. Kila alfajiri mmoja wao hutembea kipande chake chote kwa miguu na nyundo na spana, akigonga na kusikiliza. Baba alisema chuma kilicholegea kina sauti ya mtu anayesema uongo. Alifanya kazi hiyo reli ikiwa ya Afrika Mashariki nzima, akaamka siku moja mwaka 1977 Jumuiya imevunjika na reli imekuwa ya Tanzania peke yake, akavaa sare mpya na kuendelea kugonga nati zile zile.

Tulisali kibarazani kwa idhini ya mwenyeji wetu. Ukiwa huku kando ya ziwa Qibla ni kaskazini, unajipinda kidogo tu kuelekea mashariki, na wageni kutoka pwani hukosea kwa kudhani ni ile ile waliyoizoea. Kijana wetu akauliza kama tutafupisha. Hapana: Fela si masafa ya kufupisha, ni jirani ya Mwanza, tukasali rakaa nne kamili. Mama alikaa sana kwenye dua. Mbuzi mmoja alikuja akaunusa mkeka akaondoka.

Tulipokuwa tunakunja mkeka ikasikika honi kutoka kusini. Treni ya mizigo. Ilipita taratibu, mabehewa yaliyofungwa, mengine ya mafuta, kibaraza kikitetemeka chini ya miguu yetu, na kijana wetu akiyahesabu mpaka akapoteza idadi. Mengine kati ya mabehewa kama hayo huendelea mpaka bandari ya Mwanza Kusini na kuingia majini, maana MV Umoja ni meli yenye reli ndani yake. Behewa huingizwa lilivyo na kuvushwa mpaka Port Bell nchini Uganda bila gunia kuteremshwa. Baba alitupeleka kuiona tukiwa wadogo, na mmoja wetu alilia kwa kuamini kwamba treni inazama.

Sasa kuna njia nyingine Fela, na haiwezekani kuandika juu ya kituo hiki bila kuitaja. Hapa hapa Fela ndipo Rais Samia Suluhu Hassan alipoweka jiwe la msingi la reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, tarehe 14 Juni 2021: kilomita 341 ukijumlisha njia za kupishania, upana wa milimita 1,435 badala ya 1,000, treni za umeme, mwendo uliokusudiwa wa kilomita 160 kwa saa. Ujenzi unaendelea. Waliokwisha kupanda ile ya Dar es Salaam hadi Dodoma tangu ilipoanza Julai 2024 hawana hamu ya kurudi nyuma, nasi hatuwalaumu. Tuta jipya ni refu na limenyooka kama ukingo wa meza. Ukisimama kati ya njia mbili hizi unaona tofauti ya nia. Ile ya 1928 ilipindapinda kuukwepa mwamba na kilima. Hii mpya imekata.

Tunaifurahia. Mgonjwa atafika hospitali, mfanyabiashara atalala nyumbani kwake. Tunachojiuliza ni cha wale akina mama wawili wenye beseni la nyanya. Treni ya mwendo kasi hupata kasi yake kwa kutosimama. Hilo si kosa la mtu, ndiyo hesabu yenyewe. Kijana wetu alitusimulia habari aliyoiona kwenye simu, ya kituo kimoja cha vijijini huko Japani, katika kisiwa cha Hokkaido, kiitwacho Kyu-Shirataki. Kilifungwa Machi 2016, mwezi ambao binti aliyekuwa akikitumia kwenda shule alikuwa anamaliza masomo, na dunia nzima ikaisimulia habari ya treni iliyomsubiri mwanafunzi mmoja. Tulimwambia kwamba Wajapani hao ndio waliokuwa wa mwanzo kuendesha treni za mwendo kasi, tangu 1964. Akasema, "Kumbe wanaweza vyote viwili." Tukamwachia neno lake lilivyo.

Mama alikuwa haisikilizi habari ya Japani. Alikuwa ameomba simu. Tulimpigia binti wa Mama Mkubwa, akaiweka sikioni pa mama yake, na sisi tukaondoka kibarazani kwa heshima, ingawa si mbali sana. Tulimsikia Mama akitoa salamu. Kisha kimya, huko Tabora ulimi mzito ulikuwa unatafuta neno. Mama akasema, "Usiseme, dada. Niko stesheni. Nakuja mimi." Akarudia, "Nakuja mimi." Akairudisha simu bila kuikata, hajui kuikata.

Alininunulia, yaani alitununulia sote, nyanya za beseni zima. Mwanamke mmoja akamtania kwamba Tabora hawana nyanya? Akajibu kwamba wanazo, ila si za Fela.

Jioni tulikuwa Mwanza, kituo cha mjini, tukiwa na nyanya kuliko mabegi. Treni ilipoanza kutembea Mama alikaa dirishani na hakutaka kuondoka hapo hata tulipomtandikia kitanda. Magharibi tuliisali ndani ya behewa kwa rakaa zake tatu, maana hiyo haifupishwi, na Isha rakaa mbili, mmoja wetu akiwa mlangoni kuhakikisha njia ya abiria haizibwi. Nje giza lilikuwa limeshaingia. Tulikuwa tunajaribu kukisia tuko wapi, na yeye ndiye aliyesema, kabla ya taa yoyote kuonekana, "Hii sauti ya daraja dogo. Fela hii." Ikapita taa moja na kipande cha kibaraza.

Usiku wa manane tulizinduka kwa ukimya. Treni ilikuwa imesimama kwenye kituo ambacho hatukuliona jina lake, chura wakilia, na njia ya pili ikiwa tupu pembeni yetu. Abiria wa chumba cha jirani alianza kulalamika kwa sauti. Mama alikuwa macho.

"Tumeingia pembeni?" akauliza.

"Tumeingia."

Akajifunika kanga akalala. Ile nyingine ilipokuja kupita, kwa kishindo kikubwa, hakuamka.

Tabora tulifika asubuhi, tukakodi gari mpaka mtaani. Mama Mkubwa alikuwa ametolewa kibarazani akakalishwa kwenye kiti cha mbao, ameelekezwa njiani. Alipotuona alijaribu kusimama, haikuwezekana. Mkono wa kulia ulibaki pajani. Akautoa wa kushoto. Kwetu mkono wa kushoto hausalimiani. Mama aliupokea kwa mikono yake yote miwili.